Wale jamaa wa kuchuja dizeli ya boti Kunduchi: kazi wanaijua, ila wabaneni kwenye taka

Wadau wenye boti za dizeli hapa Dar kuanzia Kunduchi mpaka Msasani, hii ni ya kwenu. Nimewatumia wale jamaa wanaozunguka na kirikuu, kile kipikapu kidogo, chenye madramu mawili na mashine ya kuchujia mafuta, hawana bango wala jina la ofisi, unawapata kupitia mafundi wa faiba pale ufukweni, we uliza tu "wale wa kuchuja dizeli" utaelekezwa. Wametutoza laki nne na nusu kwa tangi la lita 300, filta tumenunua wenyewe, na boti inatembea. Kazi wanaijua kwelikweli, ila kuna mambo mawili matatu yamenikera na ntayasema hapa hapa.

Boti yetu ni ya faiba, injini ya ndani Yanmar ya zamani, kazi yake kupeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo na kuvua ikitokea. Masika ilikaa kwenye nanga kama zilivyokaa za wenzetu, wateja hamna, bahari imechafuka, ndani ya tangi kuna mafuta chini ya nusu. Msimu ulivyofunguka ukaanza ule mchezo mnaoujua, yani ukiwa huku ndani maji yametulia injini inaunguruma haina neno, ukitoka nje kidogo mawimbi yakaanza kuipiga basi inamisi, inatoa moshi mweupe, nguvu inashuka, inazima. Unafungua filta unakuta maji, unamwaga, unatoa upepo kwenye njia ya mafuta, inawaka, unasogea kidogo inazima tena na abiria washaanza kuvaa maboya bila kuambiwa na mtu.

Sababu ya kuzima nje na sio gatini ni rahisi. Maji mazito kuliko dizeli, yanakaa chini kabisa ya tangi, na lile bomba la kunyonyea mafuta halijagusa chini, limeachwa juu kidogo makusudi. Bahari ikitulia maji yamelala zake huko chini injini inanyonya dizeli safi ya juu. Mawimbi yakianza kila kitu kinatikiswa, maji na uchafu wote unapanda, bomba linanyonya mchanganyiko. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona jana nimeiwasha hapa ufukweni ikawaka vizuri" hiyo sio dawa, haijathibitisha kitu chochote.

Kabla ya hawa jamaa tulishaletewa mtu mwingine, huyo simtaji, ambaye suluhisho lake lilikuwa chupa ya dawa. Unamimina, unasubiri, maji "yanapotea". Sasa naomba niseme kitu hapa mana hizi chupa zinauzwa sana na watu wanaziamini kama maji ya baraka. Dawa za maji ziko za aina mbili. Kuna zinazoyafanya maji yajitenge yashuke chini ili uyatoe, na kuna zinazoyachanganya na mafuta yapite kwenye filta yaende yakaungue kwenye injini. Hizo za pili kwa dizeli mi sizitaki kabisa, kwa sababu pampu ya dizeli na nozeli (zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini) vinalainishwa na dizeli yenyewe, ukipitisha maji mle unapitisha kutu, na maji yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto yanageuka mvuke ghafla yanaipasua. Nozeli moja ukienda kuitafuta kwenye maduka ya spea kule Gerezani ndo utajua bei ya ile chupa ilikuwa shilingi ngapi. Na hata kama dawa ni ile nzuri, tope lililoganda chini ya tangi halitoki kwa kumiminiwa kitu juu yake.

Turudi kwa wa kirikuu. Walikuja wawili, fundi mkubwa mtu mzima hivi na dogo wa kumsaidia. Cha kwanza kilichonifanya niwaamini, hawakugusa injini. Fundi aliomba chupa ya maji tupu ya lita moja na nusu, akachukua kibomba chembamba cha shaba kimefungwa kwenye mpira na handipampu ndogo, akakishusha kwenye tangi mpaka kikagonga chini, upande wa nyuma ambako boti inalalia, akavuta. Akaiweka chupa kwenye mwanga tukaitazama. Chini maji, yanaonekana kabisa, yana rangi ya chai nyepesi. Juu yake kuna kitambaa cheusi chembamba kinaning'inia. Juu ya hicho ndo dizeli, nayo haing'ai, ina ukungu. Akaizungusha ile chupa ikafanya kimbunga katikati, akaniambia dizeli nzuri ukiizungusha hivi unaona mpaka upande wa pili, hii hata kidole changu hukioni. Hapo hapo akavuta na sampuli ya juu ya tangi, hiyo ikatoka nzuri, ina ukungu kidogo tu. Mana yake mafuta yetu mengi yalikuwa yanaokoleka, na angetaka kutupiga angesema yote yamekufa tununue mapya.

Kile kitambaa cheusi ndo cha kukiogopa. Ni wadudu, bakteria na kuvu, wanaishi pale pale kwenye mpaka wa maji na dizeli, wanakunywa maji wanakula mafuta. Hamna maji hamna wadudu. Joto letu la Dar wanalipenda sana. Wanatengeneza ute mweusi kama mlenda unaoziba filta, alafu wanatoa asidi inayokula tangi lenyewe, na kama tangi lako ni la alumini linatobolewa vitundu vitundu kwa ndani huku nje linang'aa. Ukifungua tangi ukasikia harufu ya kuoza badala ya harufu ya dizeli basi ujue wamehamia na familia.

Alafu akatoa ile pesti ya kupimia maji, ile ile wanayopaka kwenye kijiti vituo vya mafuta kupima matangi yao ya chini, ina rangi ya kahawia ya dhahabu ikigusa maji inakuwa nyekundu. Akapaka kijiti, akakishusha, kikatoka kimeiva nyekundu karibu vidole viwili kutoka chini. Kwenye tangi la upana ule hayo ni maji mengi sana. Na hii pesti mjue hata nyie mna haki ya kuuliza kituoni, kabla hujanunua lita mia mbili mwambie meneja apime tangi mbele yako, kituo kinachojiheshimu hakikatai, na akianza kukuzungusha we sogea kituo kinachofuata, bei zenyewe EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, kashaweka kikomo hazipishani kivile.

Mi nilikuwa nishaanza kulaani muuzaji. Fundi akasema, "Bosi, haya hayajatoka kituoni, haya yametoka juu." Juu wapi? Akaenda kwenye deki akafungua kizibo cha kujazia mafuta, akanitolea oringi yake, ule mpira wa duara wa kuzuia maji yasiingie. Imekauka, imepasuka, ukiibana kwa kucha inakatika. Kizibo chenyewe kiko sehemu ambayo mvua ikinyesha maji yanatuama, kwa hiyo masika nzima tangi lilikuwa linanyweshwa taratibu. Na lile bomba la tangi kupumulia limetazama mbele, kila wimbi likipiga ubavuni linarushia humo chumvi. Oringi ni kitu cha bei ya soda. Bomba walilipindisha likatazama nyuma wakalipandisha juu kidogo, hawakututoza zaidi. Hii ndo sehemu ninayowapa maksi zote, mana wengi wanakuja kuchuja wanaondoka, baada ya mvua mbili uko pale pale unawapigia tena.

Watu wanapenda kusema maji yanatokana na jasho la tangi likiwa halijajaa, yani unyevu wa hewa unaogeuka matone humo ndani. Yapo hayo, ila kwa ninavyoona mimi huku kwetu jasho linasingiziwa, ukikuta maji ya vidole viwili tafuta tundu kwanza.

Kazi yenyewe ikoje. Walihamisha mafuta ya juu, yale mazuri, kwenda dramu la kwanza. Yale ya chini yenye maji na tope wakayavuta peke yake kwenye dramu la pili. Tangi likabaki tupu, wakafungua mfuniko wa kuchungulia, bolti zake zimeshikwa na kutu hapo ndo palikula muda. Na hapa naomba mnisikilize, kama tangi lako halina mfuniko wa kuchungulia, mtu akikwambia anasafisha tangi bila kutoboa sehemu ya kuingizia mkono anachuja mafuta tu, na mafuta safi ukiyarudisha kwenye tangi chafu umetupa hela. Ndani ya tangi kuna zile kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe, zina matundu chini, na nyuma ya kila ukuta ndo tope linajificha. La kwetu lina kuta mbili. Jamaa wana mrija mrefu umekunjwa mbele, wanarushia dizeli kwa presha nyuma ya zile kuta huku mrija mwingine unanyonya kinachoachia. Wanaosha na dizeli, sio maji wala sabuni. Dogo akawa anapitisha mkono na kitambaa mahali mkono unapofika. Kilichotoka humo sipendi hata kukielezea, vipande vyeusi vinateleza, mchanga, na kipande cha karatasi ya alumini ya kizibo cha galoni ambacho sijui kiliingia enzi za nani.

Mafuta ya dramu la kwanza ndo yakachujwa. Mashine yao ni pampu ya umeme, jenereta ndogo, na filta za Racor zimepangwa mfululizo, zile zenye bakuli la kuona chini. Kwa asiyejua, hizi filta za ndani zina rangi kulingana na ukubwa wa uchafu zinaouzuia, namba ikiwa ndogo inachuja zaidi, nyekundu ni mikroni 30, bluu ni 10, kahawia ni 2. Wanaanza na nyekundu, inafuata bluu, mwisho kahawia, na mafuta yanazunguka yanarudi kwenye dramu yanapita tena na tena, sio mara moja. Wanaoanza moja kwa moja na mikroni 2 filta inaziba kabla hata hujamaliza chai. Unakaa pale unaangalia bakuli, mwanzo matone ya maji yanashuka yanajikusanya chini, dogo anafungua koki anamwaga, baada ya muda bakuli linabaki na dizeli tupu ya rangi moja. Mimi nilikaa nikaangalia mpaka shingo ikauma, ina raha yake.

Jambo la filta, nunueni za kueleweka. Ile karatasi ya ndani ya original imetiwa dawa ya kukataa maji, ndo mana maji yanaganda juu yake yanadondoka kwenye bakuli. Feki ni karatasi kavu, inalowana, inavimba, inapitisha. Kwa macho zinafanana mpaka boksi. Fundi anakupimia kwa kudondoshea tone la maji juu ya karatasi, likikaa kama kidonge ni nzima, likizama mrudishie mwenyewe. Tulizonunua kwanza zilizama, tukarudisha, muuza duka akanuna ila akabadilisha.

Dawa ya kuua wadudu waliweka mwisho, tangi likiwa safi na mafuta yamerudi, kwa kipimo cha kwenye chupa. Ukiweka mwanzo unaua wadudu alafu maiti zote zinashuka zinakuja kuziba filta kwa mpigo ukiwa katikati ya bahari. Tukabadilisha filta za injini, tukatoa upepo, tukaiwasha. Walituambia tubebe filta za akiba tubadilishe mapema mana vimabaki vitaendelea kutoka, na ni kweli ya kwanza ilichafuka haraka, iliyofuata imekaa. Tumetoka nayo mpaka nje ya Mbudya kusi linapiga haijakohoa.

Sasa yaliyonikera.

Muda. Walisema saa moja asubuhi wakafika saa nne, simu ya kwanza "tuko Tegeta", ya pili bado wako Tegeta. Kwa kazi inayokula siku nzima kuchelewa hivyo mana yake mnamaliza magharibi na maji yashajaa, kupandisha madramu kwenye kirikuu ikawa vita. Panga nao siku ambayo jioni maji yamekupwa, na bado waambie waje lisaa limoja kabla ya muda unaoutaka.

Risiti hawana. Kama boti yako ni ya kampuni unahitaji karatasi ya mhasibu, ongea nao mapema.

La tatu ndo kubwa, lile dramu la pili. Maji, tope, na dizeli chafu kama lita 40 hivi. Nikauliza linakwenda wapi. Jibu la kwanza, "tunalo sehemu". Sehemu gani? Likaja jibu kwamba kuna mtu anachukua mafuta machafu ana kibali. Nikaomba kuona hata karatasi au namba ya huyo mtu, hawakuwa nayo. Mi siwatuhumu kwamba wanamwaga baharini au kwenye mtaro, sijaona, ila hii ni taka hatarishi, watu wa kuzikusanya wanatakiwa wawe na kibali cha serikali kupitia NEMC, lile baraza la mazingira, na sie tunaishi kwa ile bahari, watalii hawalipi kuja kuogelea kwenye dizeli. Kila mtu anayewaita awaulize, wakiulizwa sana watatafuta hiyo karatasi. Tulichofanya sisi tuliwaambia waache lile dramu litulie usiku kucha kwenye banda letu, asubuhi dizeli ikawa imejitenga juu, tukaikinga taratibu, wakaichuja, ikapatikana sehemu nzuri tu tukaiweka kwenye jenereta ya bandani, sio kwenye boti. Kilichobaki kupelekwa kikawa kidogo. Na kwa kweli walitaka waondoke na dramu zima, sasa fikiria ni boti ngapi na dizeli kiasi gani inayookoleka inaondoka kwa staili hiyo huku mwenye mali anasema asante.

Kwa wa petroli, hawa jamaa wanafanya pia ila sio kwa mashine ile. Jirani yangu ana Yamaha Enduro 40 iliyolala na petroli iliyochanganywa oili tangu mwaka jana, walipomaliza kwetu wakapitia kwake. Walimkatalia kutumia pampu ya umeme, pampu ile ya dizeli inatoa cheche na mvuke wa petroli haubembelezi, wakatumia pampu ya mkono na kila kitu nje kwenye upepo, dramu liko chini mchangani, sio juu ya kirikuu. Hilo nimelipenda. Mafuta yake yalikuwa yameshabadilika rangi yana harufu ya vanishi, humo hamna kuchuja, petroli iliyozeeka ikishatengeneza gundi hairudi ujana, tofauti na dizeli ambayo tatizo lake mara nyingi ni maji na uchafu. Wakasafisha tangi la mkono, mpira na balbu yake ya kupampia mafuta, wakamfungulia kabureta wakakuta ile gundi imekaa kwenye jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta. Alilipa kidogo sana ukilinganisha na sisi. Kitu kimoja tu, dogo alitaka kuanza kwa kunyonya mpira kwa mdomo, fundi akamkaripia mpaka mi nikaona aibu kwa niaba yake, ila afadhali, petroli ikiingia kwenye mapafu ni hospitali hiyo, na pale ufukweni nusu ya watu ndo wanavyofanya kila siku.

Bei kwa ujumla naiona ya haki ukilinganisha na kununua dizeli mpya ya tangi zima kwa bei za sasa na bado tangi ni chafu. Kwa boti ndogo yenye tangi la lita 50 la kutolewa mi nisingewaita, ungelivua tu ukalipeleka ukalisafisha mwenyewe juani.

Ukiwapigia waambie tangi lina lita ngapi, ni la chuma, alumini au faiba, na lina mfuniko wa kuchungulia au halina, kama halina kuna hela ya kutoboa na kutengeneza juu ya ile laki nne na nusu. Na msijaze mafuta kabla hawajafika, kuna mtu hapa ufukweni alijaza full eti ayapunguze makali yale machafu, wakalazimika kuleta madramu mengine na kumhamishia yote, bei ikapanda karibu mara mbili.